Kipande Kimoja cha Mto, Mwaka Mzima

(Hotuba kwa wazazi na walimu, Nairobi, mwishoni mwa Septemba)

Wazazi wenzangu, walimu wetu, kina nyanya na kina babu mliokuja na wajukuu, na ninyi watoto mlioketi hapa mbele kwenye mkeka: hamjambo? Asanteni kwa kuniita.

Nimeombwa nizungumzie matembezi ya familia kando ya mto, na namna ya kutazama wanyama na ndege majira yanapobadilika. Nina ombi moja tu leo, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Chagueni kipande kimoja kifupi cha mto, kisha mkirudie. Kiangazi mkirudie, masika yakipungua mkirudie, baridi ya Julai mkirudie, vuli mkirudie. Kipande kile kile.

Changu kiko hapa hapa Nairobi, ndani ya Msitu wa Karura, kwenye Mto Karura. Hakifiki hata kilomita 1. Mtu mwenye haraka anakimaliza kwa dakika 15. Sisi na watoto hutuchukua saa 2, na siku nyingine hatukimalizi.

Sikuanza hivyo. Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu nilipanga safari ya mtu mzima. Tuliingia asubuhi, tukashuka hadi kwenye maporomoko, tukapita mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, tukazunguka sehemu kubwa ya msitu, tukatoka saa 9 alasiri. Mdogo alikuwa mgongoni mwangu akilia, mkubwa amenuna. Jioni nikawauliza wameona nini. Wakajibu, "Tumeona njia." Jibu hilo lilinikaa moyoni. Wiki iliyofuata nikawarudisha, na safari hii hatukwenda popote. Tulikaa kwenye daraja la miguu, tukala viazi vitamu tulivyobeba, tukanyamaza. Haikupita nusu saa, pongo jike akatoka kichakani ng'ambo ya mto. Akainama akanywa. Akainua kichwa, maji yakimdondoka mdomoni, akatutazama moja kwa moja. Mdogo alinishika mkono akaubana, hakusema neno mpaka pongo aliporudi kichakani. Hajaisahau siku ile hadi leo.

Kabla sijaingia kwenye majira, acheni niwaulize watoto. Nani ana shangazi au mjomba Malindi? Nyoosheni mikono. Naona mikono 4. Basi sikilizeni. Maji ya Karura yanashuka yakajiunga na Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Mto Athi, Athi unapita nyika yote ya Ukambani na Tsavo, huko unaitwa Galana, na ukikaribia pwani unaitwa Sabaki. Unaingia bahari kati ya Malindi na Mambrui. Mvua zikiwa kubwa, bahari pale Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na hayo ni matope ya mashamba na mitaa ya huku juu. Kwa hiyo jani mkiliangusha darajani, jueni linaelekea kwa shangazi. Na taka pia mkizitupa, zinaelekea kwa shangazi.

Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na ina takriban hekta 1,000. Tunatembea humo leo kwa sababu kuna watu walikataa usigawanywe. Miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda miche tu, wakashambuliwa, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Miaka 5 baadaye alitunukiwa Nobeli ya Amani. Kila ninapowaona watoto wamekaa darajani wakila viazi, namkumbuka mama yule. Watoto wangu nimewasimulia habari hii pale pale msituni, si sebuleni, kwa sababu ukiisimulia chini ya mti wanautazama mti kwa macho mengine.

Sasa majira. Naanza na vuli kwa sababu ndiyo iko mlangoni.

Kuna ndege mmoja mdogo, mwembamba, mgongo wa kijivu na tumbo la njano, ambaye mkia wake hautulii hata sekunde moja. Watoto wa kundi letu wamempa jina Mtikisa. Hukaa juu ya jiwe katikati ya mto, mkia juu, mkia chini, anaruka hatua mbili kukamata mdudu, anarudi kwenye jiwe. Mtikisa hakuzaliwa hapa. Huzaliana kando ya vijito vya Ulaya na Asia, na kule kunapoanza kuwa baridi anaanza safari ya maelfu ya kilomita hadi kwetu. Hufika Oktoba hivi, na ifikapo Machi au Aprili anaondoka. Nawaambia watoto: huyu ndege ana gramu zisizofika 25, ni kama vijiko vichache vya sukari, na amevuka jangwa la Sahara au Arabuni. Sijawahi kumwona mtoto aliyeambiwa hivyo akamrushia jiwe.

Wengine wanakuja naye. Mbayuwayu wa Ulaya huteleza juu ya maji wakiokota wadudu hewani. Makundi ya keremu hupita juu wakiitana, hata mnaoishi kwenye maghorofa mnaweza kuwasikia mkifungua dirisha. Anayekwenda mtoni mara moja tu kwa mwaka hawezi kujua nani mgeni na nani mwenyeji. Mtoto aliyekuwa pale Agosti na akarudi Oktoba anajua, tena anajua mwenyewe bila kufundishwa: jiwe lile lilikuwa tupu, leo lina mtu.

Vuli pia ndiyo mvua ya kumbikumbi. Wakiruka, msitu mzima unakula: ndege, kima, vyura, vinyonga, siafu. Kina nyanya hapa wananiangalia kwa sababu wanajua na watu hula, na ni watamu. Kuhusu kinyonga, naomba nisimame kidogo. Wengi wetu tulilelewa kumwogopa, tukaambiwa ni mkosi, na watoto wengi wanamuua kwa woga huo. Hana sumu, haumi mtu akamdhuru. Hapa Nairobi tuna yule wa pembe 3, kama mnyama wa hadithi, na jike wake hatagi mayai, anazaa. Mtafuteni vichakani asubuhi, mtoto amtazame jicho moja likienda mbele na jingine nyuma. Msimguse, mtazameni tu. Woga huisha kwa kutazama.

Masika, kati ya Machi na Mei, ni majira ya masikio. Kuna kekeo mwenye kifua chekundu anayeita kwa sauti 3 zinazoshuka, siku nzima, mpaka unatamani apumzike. Wakulima husema anaita mvua. Utamsikia mara 100 kabla hujamwona mara 1, kwa hiyo tunacheza mchezo: mtoto anafumba macho na kunyoosha kidole upande sauti inakotoka. Usiku vyura nao wanaimba, na asubuhi kwenye vidimbwi vya kando mnakuta mayai yao kama vitone vyeusi ndani ya uji mwepesi. Rudini baada ya wiki 1 kuna viluwiluwi. Rudini tena, wameota miguu ya nyuma.

Lakini masika nayasema kwa uzito. Aprili na Mei 2024 sote tuliona mito ya jiji hili ilivyofanya. Watu walikufa, nyumba zilichukuliwa, na serikali ikawaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka ukingo wahame. Mto wa Karura unaouona umelala kama paka unaweza kupanda kwa muda mfupi kwa sababu ya mvua iliyonyesha Kiambu, wakati juu ya kichwa chako kuna jua. Kwa hiyo sheria zetu ni hizi: usiku imenyesha sana, hatuendi. Maji yamegeuka rangi na yanabeba matawi, tunarudi. Mtoto wa chini ya miaka 7 anashikwa mkono kila tukikaribia ukingo, majira yoyote. Na siafu: suruali ndani ya soksi, au gambuti, na anayeona mstari mweusi unaotembea njiani apaze sauti wote waruke. Hakuna haja ya kuwachukia, tunawapisha tu.

Juni hadi Agosti ni ile baridi yetu ya ukungu, wazazi wengi hawataki kutoka. Mimi naipenda kuliko zote, kwa ajili ya mbega. Mbega walirudishwa Karura katika muongo wa 2010, wakiletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, ambako walikuwa wamebanwa kati ya mashamba. Asubuhi ya baridi, jua likichungulia tu, wanapanda matawi ya juu kabisa wanakaa wanaota jua, nyoya nyeupe za mabegani zikining'inia kama shuka. Ni wanyama wa kutazamwa na watoto hasa, kwa sababu hawakimbii ovyo. Chakula chao ni majani, na majani yanahitaji muda tumboni, kwa hiyo wanakaa sana. Kima ni tofauti, yeye ana mifuko mashavuni, anajaza matunda haraka haraka anakwenda kula mbali. Mwambieni mtoto atafute kidole gumba cha mbega. Hatakiona, kwa sababu mbega hana gumba, ana kinundu tu. Na mkibahatika kumwona mama mwenye mtoto mchanga, mtoto ni mweupe mwili mzima, kama pamba. Majike wengine humwomba, humbeba, humpokezana. Binti mmoja wa miaka 6 alitazama hayo dakika nyingi kisha akasema, "Huyo ni kama mtoto wa kwa nyanya, kila mtu anambeba." Sina maelezo bora kuliko hayo.

Mkuyu ukizaa kando ya mto, achaneni na mipango yenu yote mkae chini yake. Hondohondo watakuja, mabawa yao yanasikika kabla hawajaonekana. Waambieni watoto jinsi jike wa hondohondo anavyojifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kuatamia, ufa mdogo tu ukibaki, na dume anamlisha kupitia ufa huo hadi makinda yakue. Kulukulu naye atakuja, kijani kibichi akiwa ametulia, na akiruka mabawa yanawaka nyekundu. Ile nyekundu ni rangi yenye madini ya shaba ndani yake.

Kiangazi, Januari na Februari, mto unapungua na ndipo unapojifunua. Hapa ndipo ningependa mkae zaidi.

Kwanza kuna tope. Pale maji yalipokauka jana, vipepeo hukusanyika, weupe na wa njano, pengine 20 au 30, mabawa yamesimama wima, hawapepesi. Mtoto anadhani wamekufa. Mlazeni kifudifudi mita 1 kutoka walipo, atulie. Ataona ule mrija mwembamba kama uzi unatoka mdomoni unagusa tope. Wanakunywa chumvi. Wengi wao ni madume, na chumvi hiyo humfikia jike na mayai yake. Juu ya tope hilo hilo mtasoma nani alipita usiku: kwato ndogo za paa, nyayo za fungo, na vidole vitatu vya mbele vya kwarara akichokora.

Pili kuna mawe. Tunachukua bakuli jeupe la plastiki na chujio la chai lililozeeka. Mtu mzima, mwenye glavu, anainua jiwe 1 taratibu na kuliosha ndani ya bakuli, watoto wamezunguka. Mwanzoni hakuna kitu, takataka tu. Halafu takataka moja inatembea. Ni mdudu bapa, mdogo kuliko punje ya mchele, amejibana kwa miguu 6, na nyuma ana mikia 3 myembamba kama nywele. Pembeni mwa tumbo kuna vijani vidogo vinavyopepea. Hayo ni mashavu yake ya kupumulia. Mdudu huyo anahitaji maji yenye hewa nyingi, na maji yakichafuka yeye ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Kereng'ende naye, yule arukaye juu ya mto kama helikopta, utoto wake wote anaishi chini ya maji, mwindaji mkali. Siku ikifika anapanda kwenye unyasi, mgongo unapasuka, anatoka na mabawa yaliyokunjamana. Maganda yake matupu mtayakuta yameshika unyasi, na watoto wakayabeba kama vito. Mkimaliza, jiwe linarudishwa lilipokuwa, upande ule ule chini. Hiyo ilikuwa paa la nyumba ya mtu.

Nawaambia haya ya mawe kwa sababu ya Februari moja. Tulifika darajani tukakuta povu jeupe limejaa kwenye miamba, na harufu ya choo. Majitaka yalikuwa yametoka mahali fulani huko juu. Tuliinua mawe 4. Wale wa mikia 3 hawakuwapo hata mmoja. Kulikuwa na vijidudu vyekundu kama nyuzi, ambavyo wekundu wao unafanana na wa damu yetu na ndio unaowasaidia kuishi pasipo na hewa ya kutosha. Mtoto wa miaka 9 aliyekuwa na daftari alifungua ukurasa wa Januari akasoma kwa sauti: "Mikia mitatu, 11." Kisha akaandika chini yake sifuri. Akaniuliza, "Wamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpoza. Wazazi tuliandika barua kwa wahusika, tukaambatanisha kurasa za lile daftari, kwa sababu ndizo zilizokuwa na tarehe na hesabu. Mtu mzima yeyote angesema mto umechafuka, lakini ni mtoto yule aliyeweza kusema kilichopotea na kilipotea lini. Wa kwanza wa mikia 3 alionekana tena Agosti. Siku hiyo tulipiga makofi kando ya maji kama harusini.

Kwa hiyo maji ya mito ya jijini hatunywi, hatuogelei, na kila mtoto ananawa kwa sabuni kabla ya kula. Mkienda mito ya sehemu za joto, kumbukeni pia kichocho kwenye maji yaliyotulia yenye konokono, na huko kwenye mamba na viboko hamwendi bila mwenyeji anayeujua mto.

Vya kubeba si vingi. Daftari la kurasa 48 na penseli, si kalamu, wino hulowa. Darubini 1 kwa familia yatosha, na wadogo hawaihitaji. Maji kwenye chupa ya kudumu, maana plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa misituni tangu Juni 2020. Chakula kiwe ndani ya mfuko uliofungwa, na kima asipewe hata ganda la ndizi. Kima aliyelishwa hupoteza woga, kesho anamnyang'anya mtoto na kumuuma.

Na mchukueni nyanya. Mwaka juzi nyanya mmoja alikuja nasi kwa fimbo yake, tukadhani tutamsubiri njiani. Alisimama kwenye mti wa muthiga, akakwangua kigamba kidogo mno cha gome, akawaonjesha watoto. Kikali kama pilipili! Akasema huko kwao ndiyo ilikuwa dawa ya kifua. Halafu akaonyesha muhugu, akaeleza kwa nini wachonga vinyago waliumaliza. Mimi nilikuwa nimepita miti hiyo miaka mingi bila kuijua kwa ladha.

Wasio karibu na Karura, msikate tamaa. Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, ina Mto Kirichwa Kubwa ukingoni. Michuki Park iko kwenye Mto Nairobi wenyewe, mahali palipokuwa jaa. Wanaotaka kujifunza ndege, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya Jumatano asubuhi ambayo yamelea watazamaji wengi wa jiji hili kwa miongo mingi. Na kama mtaani kwenu kuna kijito tu kinachopita nyuma ya shule, chenye kwarara wawili na fundichuma mmoja, basi hicho ndicho kipande chenu. Fundichuma peke yake, na lile lundo la vijiti analoliita kiota, anatosha mwaka mzima.

Jumamosi ijayo tunakutana langoni saa 2:30 asubuhi. Tutatembea hadi darajani, si zaidi. Jiwe la Mtikisa ni lile la tatu kutoka ukingo wa kulia, lenye kuvu ya kijani upande mmoja. Wiki iliyopita lilikuwa tupu. Atakayemwona kwanza mwaka huu ataandika tarehe kwenye daftari kwa mkono wake.